Kwa nini Uholanzi na Hispania waliacha vita miaka 12, kisha wakarudi kupigana

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba Waholanzi na Wahispania walipigana miaka 80, lakini katikati, kuanzia 1609 hadi 1621, waliweka silaha chini. Kama watu wanaweza kukaa miaka 12 bila kupigana, kwa nini wasimalize kabisa? Mkataba ule ulimfaidi nani? Na je, vita hivyo viligusa pwani yetu kwa namna yoyote?"

Marahaba. Nikujibu kwa kifupi kwanza, halafu tuingie ndani. Mkataba wa 1609 uliwezekana kwa sababu mambo makubwa waliyokuwa wakiyagombania hayakuandikwa, au yaliandikwa kwa namna ambayo kila upande ungeyasoma utakavyo. Yalikuwa matatu: kama Uholanzi ni nchi huru au ni kundi la waasi, kama Wakatoliki wa Uholanzi, nchi iliyokuwa mikononi mwa Waprotestanti, wataruhusiwa kuabudu hadharani, na kama meli za Kiholanzi zitaendelea kufanya biashara Mashariki ya Mbali na Amerika. Miaka 12 ilipokwisha, yote matatu yalikuwa palepale, na la tatu lilikuwa limekua mara kadhaa. Kwa hiyo mimi sishangai kwamba walirudi vitani. Ninachoshangaa ni kwamba walifika hata kusaini.

Vita vilianza mwaka 1568, pale majimbo ya Nchi za Chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji za leo, yalipomwasi Mfalme Philip II wa Hispania kwa sababu ya kodi, dini, na kutawaliwa kwa amri kutoka mbali. Miaka karibu 40 baadaye nchi ilikuwa imekatika vipande viwili. Kaskazini, majimbo saba yalikwisha kumkana mfalme rasmi tangu 1581, yakawa yanajiendesha yenyewe kupitia Baraza Kuu la Majimbo lililokutana The Hague. Kusini ilibaki upande wa Hispania, ikitawaliwa kutoka Brussels na Albert wa Austria pamoja na mkewe Isabella, binti wa Philip II. Huko Madrid alikuwa ameshika kiti Philip III.

Ukitazama ramani ya 1606 peke yake, ungesema Hispania inashinda. Jenerali wao, Ambrogio Spinola, tajiri wa Genoa aliyeingia jeshini akiwa mtu mzima, aliuteka mji wa Ostend mwaka 1604 baada ya kuzingirwa zaidi ya miaka mitatu, kisha akasukuma vita hadi mashariki ya Uholanzi kwenyewe. Tatizo lilikuwa fedha. Askari wa Hispania wasipolipwa walikuwa na desturi yao: wanaasi kwa utaratibu kabisa, wanachagua viongozi wao, wanashika mji na kutoza vijiji vya jirani mpaka mishahara ipatikane. Mwaka 1606 kundi la namna hiyo liliushika mji wa Diest. Mwezi Novemba 1607 taji la Hispania likatangaza kwamba haliwezi kuwalipa wadai wake, kama lilivyofanya 1557, 1575 na 1596. Huwezi kushinda vita vya kuzingira miji kwa jeshi linalozingira miji yako mwenyewe.

Waholanzi nao hawakuwa na nafuu ya kujivunia. Ufaransa ilikwisha kufanya amani na Hispania mwaka 1598, na Uingereza ikafuata mwaka 1604. Mfalme Henri IV wa Ufaransa aliendelea kuwapa pesa, lakini msaada wa jirani una siku yake ya mwisho. Madeni ya jimbo la Holland, lililobeba mzigo mkubwa kuliko majimbo mengine yote, yalikuwa yakipanda kila mwaka.

Katika hali hiyo akatokea padri wa shirika la Wafransisko, Jan Neyen, akitumwa na Brussels kwenda The Hague kimyakimya. Aprili 1607 walikubaliana kusitisha mapigano miezi minane kuanzia Mei, lakini kwa nchi kavu tu. Baharini hapakuwa na makubaliano, na hilo lilileta jambo ambalo Madrid hawakulisahau. Tarehe 25 Aprili kikosi cha manowari za Kiholanzi chini ya Jacob van Heemskerck kilizivamia meli za kivita za Hispania zikiwa zimetia nanga ghuba ya Gibraltar, mlangoni kabisa mwa nyumba ya mfalme, kikaziangamiza. Heemskerck mwenyewe aliuawa mapema katika mapigano, lakini meli yake iliendelea chini ya nahodha wake, Pieter Verhoeff. Liweke jina hilo akilini, maana huyu Verhoeff ndiye atakayetufikisha pwani ya Afrika.

Hapo ikaanza kazi ya mazungumzo, na ndipo utamu wa habari hii ulipo. Waholanzi walitaka jambo moja kabla ya lolote: mfalme akubali kwamba anazungumza na watu huru. Hati ya kwanza ya kuidhinisha usitishaji ule ilipofika kutoka Hispania, mwishoni ilikuwa na sahihi "Yo el Rey", yaani "Mimi Mfalme". Hivyo ndivyo mfalme wa Hispania alivyoweka sahihi alipowaandikia raia wake. Wajumbe wa The Hague waliisoma, wakatazama pia karatasi na muhuri wake mdogo, wakaikataa. Kwa mtu wa nje utaonekana ni ubishi wa makarani. Lakini vita vyote vilikuwa juu ya hilo hilo: huyu ni mfalme wetu au si mfalme wetu.

Februari 1608 wajumbe wa Hispania na Brussels waliingia The Hague wenyewe, Spinola akiwa mbele. Maurice wa Nassau, amiri jeshi wa Waholanzi, alitoka nje ya mji kumpokea mtu aliyekuwa akipambana naye miaka yote ile, wakapanda gari moja la farasi kuingia mjini huku watu wamejazana barabarani kuangalia. Baba yake Maurice, William wa Orange, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Delft mwaka 1584 baada ya Philip II kutangaza zawadi kwa atakayemuua. Sijui watu wawili wa namna hiyo huongea nini ndani ya gari.

Mwanzoni walijadili amani kamili, si mapatano ya muda. Na hapa ndipo swali lako la kwanza linapopata jibu lake, kwa hiyo nisome polepole. Hispania ilikuwa tayari kuachia dai la kuitawala kaskazini. Naam, ilikuwa tayari! Lakini ilitaka bei yake: Wakatoliki waliobaki Uholanzi waruhusiwe kuabudu hadharani, na Waholanzi waache kwenda India, maana wakati ule "India" ilihusu zote mbili, Asia na Amerika. Philip III aliona kwamba mfalme Mkatoliki anayewaacha waasi waende zao anaweza kujitetea mbele ya Mungu na mbele ya dunia iwapo angalau ameokoa dini. Waholanzi nao waliona kuruhusu ibada ya Kikatoliki kwa kulazimishwa na mfalme wa nje ni kumfungulia mlango wa kuingilia mambo yao ya ndani. Kuhusu India, tayari ilikuwapo Kampuni ya India Mashariki, VOC, iliyoundwa 1602, na wenye hisa zake ndio waliokuwa wakikaa kwenye mabaraza ya miji. Utawaambiaje wafunge duka? Kufikia Agosti 1608 mazungumzo ya amani yalikuwa yamekufa.

Kuna kichekesho kidogo hapo. Wajumbe walipoondoka, kwenye nyumba alikofikia Jean Richardot, mwanasheria mkuu wa upande wa Brussels, ilikutwa nakala ya maelekezo yao ya siri, imesahauliwa kwenye droo ya meza. Waliopinga mapatano hawakuhitaji kitu kingine cha kuwaonyesha watu.

Waliookoa jahazi ni wapatanishi, hasa Pierre Jeannin, mjumbe wa Henri IV, akisaidiwa na mabalozi wa Uingereza. Pendekezo lake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulikubali: kama hamuwezi kukubaliana, acheni kupigana kwa miaka kadhaa na msiulizane yale yasiyojibika. Uholanzi ikagawanyika. Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa serikali ya jimbo la Holland na mtu aliyeendesha siasa za nje za nchi nzima, aliunga mkono. Maurice alipinga, akisema Hispania inataka tu kupumua ili ije na nguvu mpya. Jimbo la Zeeland lilipinga, kwa sababu lilikuwa likila kwa vita: watu wake waliteka meli za adui kwa kibali cha serikali, na mlango wa mto Scheldt ulikuwa mikononi mwao. Amsterdam nayo ilisitasita kwa ajili ya India. Vijitabu vya kushambuliana vilichapwa kwa wingi, na vingine vilimtuhumu Oldenbarnevelt kuwa ameuza nchi. Tuhuma hiyo haikusahaulika.

Mkataba ulisainiwa Antwerp tarehe 9 Aprili 1609, ukiwa na vifungu 38. Halmashauri ya mji ilikuwa imemwagiza kijana wao aliyerudi karibuni kutoka Italia, Peter Paul Rubens, achore picha kubwa ya Mamajusi wakimletea Mtoto Yesu zawadi, kwa ajili ya ukumbi wa jengo la mji. Miaka mitatu baadaye mji uliitoa picha hiyo kama zawadi kwa mkubwa mmoja kutoka Hispania, na leo iko Madrid.

Sasa tazama vifungu vyenyewe vilivyopita katikati ya miiba. Juu ya uhuru, mfalme na watawala wa Brussels walikubali kuafikiana na Majimbo kama nchi huru ambazo wao hawazidai kitu. The Hague ilisoma kwamba imetambuliwa. Madrid ilisoma kwamba ndivyo ilivyowachukulia kwa miaka 12, na baada ya hapo tutaonana. Juu ya Wakatoliki wa Uholanzi, mkataba haukusema lolote. Juu ya India, neno lenyewe halimo: kifungu cha nne kinazunguka kikisema Waholanzi hawatafanya biashara katika bandari za mfalme zilizo nje ya Ulaya bila ruhusa yake, lakini wanaweza kuendelea na wafalme na watu wengine wowote watakaowakubali. Ilibidi mabalozi wa Ufaransa na Uingereza watoe hati ya pembeni kuthibitisha kwamba ndiyo, hapo ilikusudiwa India. Na huko mbali mapatano yangeanza mwaka mmoja baadaye, ili habari ipate muda wa kufika. Juu ya mto Scheldt, njia ya Antwerp kwenda baharini, kimya pia, na kimya hicho kilimaanisha kwamba Zeeland inaendelea kuzuia meli na kutoza ushuru. Kila upande ulibaki na ardhi uliyokuwa umeishika. Wafanyabiashara wa Kiholanzi walipata haki Hispania sawa na Waingereza, yaani hawatasumbuliwa kwa dini yao mradi wasilete kashfa hadharani.

Tarehe hiyo hiyo, 9 Aprili, Philip III aliidhinisha kufukuzwa kwa Wamorisko, wazao wa Waislamu wa Hispania waliokuwa wamebatizwa. Kati ya 1609 na 1614 watu wapatao 300,000 walitolewa nchini mwao na kupelekwa hasa Afrika Kaskazini. Wapo wanahistoria wanaosema mfalme alitaka kuonyesha ushupavu wa dini siku aliyowaachia wazushi wa kaskazini, na kwamba askari na meli zilizopata nafasi kwa sababu ya mapatano ndizo zilizotumika katika kazi hiyo. Mimi naona hoja ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, lakini zote mbili zinakukumbusha kwamba amani ya mmoja inaweza kulipwa na mwingine ambaye hakuwepo mezani.

Miaka ya mwanzo ilikuwa neema kwa Holland. Meli zilirudi Setúbal huko Ureno kupakia chumvi, na bila chumvi hakuna biashara ya samaki wa heringi, ambao ndio walioilisha nusu ya bandari za nchi ile. Nafaka na mbao kutoka Baltiki zilishuka Hispania, fedha ya Amerika ikapanda kaskazini, na nauli za mizigo zikaanguka kwa kuwa meli hazikuhitaji tena mizinga mingi wala bima ya vita. Benki ya Amsterdam ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1609. Kidiplomasia pia walivuna: mkataba na Sultani wa Morocco mwaka 1610, balozi Cornelis Haga kupokewa Istanbul mwaka 1612, na mwaka 1616 Oldenbarnevelt aliikomboa kutoka kwa Waingereza miji iliyokuwa imewekwa rehani tangu 1585. Nchi ambayo mfalme wake wa zamani alidai haipo ilikuwa ikipokea na kutuma mabalozi.

Kusini napo watu walipumua. Mashamba yaliyokuwa pori yalilimwa, makanisa yaliyobomolewa yalijengwa upya, na Rubens hakukosa kazi. Bandari ya Antwerp peke yake ndiyo iliyobaki ikitazama mto wake uliofungwa.

Jaribio gumu la kijeshi lilikuja upesi. Machi 1609, majuma machache kabla ya kusaini, alifariki bila mrithi mtawala wa Jülich na Kleve, nchi za Kijerumani zinazopakana na Uholanzi. Wagombea wawili wakatafuta wakubwa wa kuwasaidia. Mwaka 1614 Spinola aliingia na jeshi na kuuchukua mji wa Wesel. Maurice akaingia kutoka upande mwingine, akachukua Emmerich na Rees. Majeshi mawili yale yale, majenerali wale wale, yakatembea katika nchi moja yakigawana miji huku yakijihadhari yasigusane, mpaka mkataba wa Xanten ukasainiwa Novemba. Mtu akikuambia mapatano yale yalikuwa karatasi tu, mpe mfano huo. Ulaya yaliheshimiwa.

Nje ya Ulaya ni hadithi nyingine, na hapa turudi kwa Verhoeff. Desemba 1607, mazungumzo yakiwa yanaendelea, VOC ilimtuma na meli 13 kwenda Asia. Baadaye wakurugenzi wakapeleka meli ya haraka kumwambia kwamba mapatano yanakuja, kwa hiyo afunge mikataba na kujenga ngome katika visiwa vya viungo mapema iwezekanavyo, maana kila upande utabaki na kilicho mkononi. Alikwenda Banda, katika Indonesia ya leo, visiwa pekee vilivyotoa kungumanga na basibasi, akaanza kujenga ngome katika kisiwa chake cha Neira bila ridhaa ya wenyeji. Mei 1609 wazee wa Banda walimwita kwenye mazungumzo wakamuua pamoja na watu wake. Kwa Asia, ule mwaka wa kwanza wa mapatano ulianza hivyo. Mwaka 1610 Wahispania walikivunja kikosi cha Kiholanzi karibu na Manila na kumuua kamanda wake, François Wittert. Julai 1615 Joris van Spilbergen aliwapiga Wahispania baharini nje ya pwani ya Peru. Jan Pieterszoon Coen aliiteka Jakarta mwaka 1619, ikawa Batavia, na mwaka 1621 akairudia Banda kwa ukatili ambao uliwamaliza karibu wenyeji wote. Hispania ikawa inauliza, kwa haki kabisa, imepata nini.

Lakini mauti makubwa zaidi ya mapatano yale yalitokea ndani ya Uholanzi, na ningekuomba uliangalie hili kwa makini kuliko mambo ya meli. Vita vilikuwa vimeyaficha magomvi yao. Vilipokoma, yakatoka. Katika Chuo Kikuu cha Leiden maprofesa wawili wa teolojia, Jacobus Arminius na Franciscus Gomarus, walibishana juu ya kuchaguliwa: je, Mungu ameamua tangu milele nani ataokoka bila kuangalia imani ya mtu, kama alivyosema Gomarus, au binadamu anaweza kuipokea au kuikataa neema, kama alivyofundisha Arminius? Arminius alifariki Oktoba 1609, lakini wafuasi wake walipeleka malalamiko yao serikalini mwaka 1610, na kuanzia hapo mahubiri ya Jumapili yakawa siasa.

Oldenbarnevelt aliwalinda wafuasi wa Arminius, si kwa kuwa alikuwa mwanateolojia, bali kwa kuwa aliamini serikali ya jimbo ndiyo yenye neno la mwisho juu ya kanisa. Upande wa pili, ule wa Gomarus, walisimama Wakalvini wakali, yaani Waprotestanti walioshika mafundisho ya Calvin bila kulegeza, wengi wao wakimbizi kutoka kusini ambao hawakumsamehe mtu aliyefanya mapatano na Hispania huku nyumba zao Antwerp na Ghent zikiwa mikononi mwa adui. Ugomvi wa dini ukashikana na ugomvi wa mapatano mpaka usiweze kuutenganisha. Agosti 1617 Holland iliiruhusu miji yake kuajiri askari wake yenyewe, wasio chini ya Maurice. Kwa amiri jeshi hiyo ilikuwa tangazo la vita. Mwezi uliotangulia alikwisha kwenda hadharani kusali katika kanisa la Wakalvini wakali. Julai 1618 aliwanyang'anya silaha askari wa mji wa Utrecht, na Agosti 29 Oldenbarnevelt akakamatwa The Hague.

Mahakama maalumu ya majaji 24 ilimhukumu. Uvumi kwamba alihongwa na Hispania haukuthibitishwa kamwe. Tarehe 13 Mei 1619, akiwa na miaka 71, alipanda jukwaa katika ua wa Binnenhof, makao ya serikali huko The Hague, akijikongoja kwa fimbo yake, mbele ya ukumbi ambao alikuwa ameutumikia zaidi ya miaka 30, akakatwa kichwa. Rafiki yake Hugo Grotius, mwanasheria aliyechapisha mwaka 1609 hoja mashuhuri kwamba bahari haina mwenyewe, alifungwa maisha katika ngome ya Loevestein. Machi 1621 mkewe, Maria van Reigersberch, alimtoa humo ndani ya sanduku la vitabu. Walinzi walikuwa wamelizoea sanduku hilo kwenda na kurudi, hawakulifungua tena.

Kwa hiyo 1621 ilipokaribia, mtu pekee mwenye uzito wa kuyatetea mapatano upande wa Uholanzi alikuwa kaburini. Upande wa Hispania, Lerma, waziri aliyeyataka, alikuwa amekwisha kuanguka, na washauri wapya walihesabu hasara za Asia na Ureno, ambayo ilikuwa chini ya mfalme huyo huyo tangu 1580. Brussels ilitamani mapatano yaendelee. Albert na Isabella walijua nani angelipia vita. Lakini masharti ya Madrid ya kuongeza muda yalikuwa haya: Wakatoliki waabudu hadharani, mto Scheldt ufunguliwe, Waholanzi waondoke India. Yalinganishe na yaliyowashinda mwaka 1608 uone kilichobadilika. Machi 1621 chansela wa Brabant, jimbo la kusini, Petrus Peckius, alikwenda The Hague na kuwaomba Waholanzi wawatambue tena watawala wao halali. Njiani watu walimzomea, na wakubwa hawakumpa jibu tofauti sana. Philip III alifariki tarehe 31 Machi. Siku tisa baadaye muda ukaisha. Bandari za Hispania na Ureno zikafungiwa meli za Kiholanzi, na Juni ikaundwa Kampuni ya India Magharibi, ambayo wazo lake lilikuwa limewekwa kando miaka yote ile ili mapatano yasivunjike.

Nani alifaidika? Ukipima kwa mifuko, wafanyabiashara wa Holland, bila shaka. Ukipima kwa heshima, Uholanzi nzima, kwani baada ya miaka 12 ya mabalozi hakuna mfalme Ulaya ambaye angeweza tena kuiita kundi la waasi bila kuchekwa. Hispania ilipata nafuu ya hazina na ikaipoteza Asia kidogo kidogo. Wakulima wa kusini walipata kizazi cha watoto waliokua bila kuona askari wakichoma ghala. Na mwenye mapatano yake, Oldenbarnevelt, alipata jukwaa la Binnenhof. Amani yenyewe ilisainiwa Münster Januari 1648: mfalme alitambua uhuru moja kwa moja, Scheldt ukabaki umefungwa, Waholanzi wakabaki na ngome zao za India, na Wakatoliki wa Uholanzi hawakupata ibada ya hadharani. Hispania ilipigana miaka 27 zaidi ili isaini yaleyale iliyoyakataa, na kwa hali mbaya kuliko ya 1608.

Sasa pwani. Ndiyo, iliguswa, hasa kusini. Kwa kuwa Ureno ilikuwa chini ya Philip, ngome zake za Afrika Mashariki zilikuwa mali ya adui machoni pa VOC. Mwaka 1607 Paulus van Caerden aliizingira ngome ya São Sebastião katika Kisiwa cha Msumbiji kuanzia Machi hadi Mei, akashindwa, akauchoma mji na kuondoka. Julai 1608 Verhoeff wetu wa Gibraltar akaja na meli zake 13 akajaribu tena. Ngome ile ilikuwa na askari wachache na kuta nene; kufikia Agosti aliacha na kuelekea Uhindi. Ingeanguka, Waholanzi wangepata kituo cha maji na chakula katikati ya njia, na pengine hatua ya pili ingekuwa Mombasa. Badala yake, mwaka 1611 Hendrik Brouwer alionyesha kwamba meli ikitoka Rasi ya Tumaini Jema ikishuka kusini na kushika upepo mkali wa magharibi moja kwa moja kuelekea mashariki, inafika Java haraka zaidi bila kugusa pwani yetu kabisa, na Kampuni ikaifanya ndiyo njia rasmi. Waholanzi walijenga kituo chao rasini mwaka 1652. Mombasa ilibaki kwa Wareno, wakafukuzwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi na Yusuf bin Hasan mwaka 1631, wakarudi, na mwishowe walioitoa Fort Jesus mikononi mwao mwaka 1698 walikuwa Waomani.